Kibandiko Ambacho Hatukukisoma

Kati ya mambo ambayo kikundi chetu cha vijana wa Bibokoboko kimeyapitia, lipo moja ambalo kwa muda mrefu hatukupenda kulisimulia. Ni habari ya mashine ya kuchapa iliyoungua mbele ya macho yetu siku ile ile ya kuiwasha. Tunaisimulia leo kwa sababu mbili. Ya kwanza, vikundi vingi vya parokia vinaendelea kupokea vyombo vya ofisi kutoka kwa ndugu walio ng'ambo, na tungependa visiungue kama chetu. Ya pili, baada ya mashine kuungua tulimwacha kijana asiye na hatia abebe lawama yetu kwa miezi mitatu, na deni hilo halilipwi kwa kunyamaza.

Bibokoboko iko katika milima ya Fizi, juu ya mji wa Baraka ulio kando ya Ziwa Tanganyika. Waya wa umeme wa taifa haufiki kwetu. Mwenye paneli ya jua huwachajia jirani simu zao. Mwenye jenereta huiwasha siku ya arusi, ya msiba, au ya mkutano mkubwa, kwa maana kila lita ya petroli imepandishwa mlimani mgongoni mwa mtu. Aliyehitaji ukurasa mmoja uliochapwa alilazimika kushuka Baraka kwa miguu, kulala huko kwa jamaa, na kupanda kesho yake akiwa ameufunga ukurasa wake ndani ya mfuko wa plastiki kwa hofu ya mvua. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, waliojiandaa kwa Mtihani wa Taifa, waliazimana daftari moja la maswali ya miaka iliyopita hadi karatasi zake zikachakaa. Wazazi waliofuatilia hati za kuzaliwa za watoto wao waliambiwa walete nakala, na nakala moja ilikuwa safari ya siku mbili. Ndiyo maana tulipoanza kuiwazia ofisi ndogo ya kikundi, jambo la kwanza tulilolitamani lilikuwa mashine ya kuchapa.

Mwaka wa 2018 tamaa yetu ilijibiwa. Ndugu yetu mmoja anayeishi Marekani, ambaye aliondoka huku akiwa mtoto na kupitia maisha ya kambi ya wakimbizi kabla ya kuvuka bahari, alinunua mashine ya kuchapa na kunakili, ya aina inayotumia wino wa unga, akaituma pamoja na mizigo ya watu wengine. Ilifika Dar es Salaam kwa meli, ikasafiri hadi Kigoma, ikavuka ziwa kwa boti hadi Baraka. Kutoka Baraka tuliifunga kwenye miti miwili kama tunavyombeba mgonjwa, wanne chini ya mzigo na wanne wa kupokezana, tukaipandisha mlimani. Kila tulipopumzika tuligusa kisanduku kuhakikisha kwamba hakijaloa. Jioni tulipofika, wamama walitupokea kwa vigelegele. Usiku uleule tulimtumia ndugu yetu ujumbe: mashine imefika salama na inafanya kazi vizuri sana. Maneno mawili ya kwanza yalikuwa kweli. Yaliyobaki tuliyasema kwa furaha, na uongo unaosemwa kwa furaha bado ni uongo.

Tulipofungua kisanduku tuliona kwamba plagi yake, au fishi kama tunavyosema kwetu, ilikuwa na miguu miwili bapa, wakati tundu za prizi zetu ni za duara. Hilo halikututisha. Mmoja wetu alishuka Baraka akanunua adapta, kile kidude kidogo kinachopokea miguu bapa upande mmoja na kutoa miguu ya duara upande wa pili. Aliporudi tuliona kwamba tatizo limekwisha. Jenereta ya kuazima ilikuwepo, karatasi zilikuwepo, na tukapanga siku ya uzinduzi.

Kulikuwa na kijana mmoja kutoka bondeni, upande wa Baraka, aliyekuwa akitengeneza redio na kuchaji simu sokoni. Alikuwa mdogo kwa umri kuliko wengi wetu. Tulimfahamu kwa sababu alikuwa na bei nzuri na hakuwahi kubadilisha kifaa kizima cha mtu kwa kilichokufa. Tukamwomba apande aje kutuunganishia mashine, akakubali bila malipo isipokuwa chakula. Kupanda kwake kulihitaji moyo, maana katika milima yetu mlima na bonde vimejeruhiana kwa miaka mingi, na mtu wa upande mmoja hapandi wala hashuki bila kufikiri mara mbili.

Siku ya uzinduzi wazee walikaa mbele, wanafunzi nyuma, watoto madirishani. Kijana aliwasha jenereta, akaiacha ingurume kidogo, kisha akashika ile plagi na kuigeuzageuza mkononi.

"Wakubwa," alituambia kwa sauti ya chini, "fishi hii ya miguu bapa si ya huku. Tungoje kidogo. Tuulize kwanza mashine hii inataka umeme wa namna gani."

Mmoja wetu akamjibu, "Mdogo wetu, adapta tumekwisha kuinunua. Wazee wamekaa tangu asubuhi. Chomeka tu."

Akatutazama mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyemuunga mkono. Akachomeka, akabonyeza swichi. Tulisikia mlio mfupi, kama wa punje ya mahindi inayopasuka kikaangoni, kisha harufu kali ya plastiki iliyoungua, kisha uzi mwembamba wa moshi ukapanda kutoka nyuma ya mashine. Taa yake ndogo ya kijani haikuwaka hata mara moja.

Watu walitoka nje wakinong'ona. Kabla ya jua kutua, swali lililopita nyumba kwa nyumba lilikuwa moja: nani aliyechomeka? Na jibu lilikuwa fupi: yule wa bondeni. Baada ya siku mbili jibu lilikuwa limekua. Ikasemwa kwamba alifanya makusudi, kwamba bonde halipendi mlima upate maendeleo, kwamba tulikosea kumruhusu mtu kama yeye aguse kitu chetu. Yeye alikuwa amekwisha kushuka alfajiri, bila kula chakula tulichomwahidi.

Sisi tuliokuwepo karibu naye, tuliomsikia akisema tungoje, tulinyamaza. Hakuna aliyesimama kutetea uongo ule, lakini hakuna aliyesimama kuupinga pia. Kila mmoja alijua kwamba akisema "kijana alituonya," swali linalofuata litakuwa "na nani alimwambia achomeke?" Tulichagua amani ya nafsi zetu, na gharama yake tukamtwisha mtu asiyekuwepo kujitetea.

Miezi mitatu ilipita. Mashine ilikaa pembeni chini ya kitenge, kama maiti ambayo hakuna anayetaka kuizika. Mwishowe wawili wetu tuliibeba tena hadi Baraka, kwa fundi mmoja mzee wa vyombo vya umeme. Tulimweleza kwamba iliharibiwa na mtu asiyejua kazi. Yeye hakujibu. Hakuchukua bisibisi wala kipimo. Aliigeuza mashine mgongo juu, akafuta vumbi kwa kidole, akatuonyesha kibandiko kidogo cha fedha chenye maandishi meusi.

"Someni," alisema.

Tukasoma: volti 120, hezi 60.

"Na jenereta yenu inatoa volti ngapi?"

Hatukujua. Alitucheka kidogo, si kwa dharau, akatuketisha kwenye vigoda akatueleza. Tunayaandika hapa aliyotueleza, pamoja na mengine tuliyojifunza baadaye, kwa sababu yanafaa kila kikundi.

Dunia haikukubaliana juu ya umeme mmoja. Thomas Edison alipofungua kituo chake cha Pearl Street mjini New York mwaka wa 1882, taa zake zilitengenezwa kwa takriban volti 110, na Marekani iliendelea katika njia hiyo hadi leo, ambapo prizi za nyumbani hutoa volti 120. Katika Ulaya, Berlin ilihamia volti 220 mwaka wa 1899, na nchi nyingi zikafuata njia hiyo. Sababu yake ilikuwa ya uchumi: ukiongeza volti mara mbili, kwa kazi ile ile mkondo unaopita kwenye waya hupungua nusu, na joto linalopotea njiani katika waya ule ule hupungua hadi robo. Waya mwembamba zaidi unatosha, na shaba ni ghali. Kongo, iliyopokea mitambo yake ya kwanza ya umeme kutoka Ulaya, inatumia volti 220 na hezi 50. Tanzania, Kenya na Uganda ziko karibu na hapo, kati ya volti 230 na 240. Japani inatumia volti 100. Katika Brazili utakuta miji ya volti 127 na mingine ya volti 220 ndani ya nchi moja. Kwa hiyo swali "mashine hii ni nzima?" halitoshi, sharti liulizwe na la pili, "ni nzima kwa umeme wa wapi?"

Adapta yetu ilibadilisha umbo la miguu tu. Haikupunguza hata volti moja. Tulikuwa tumeifungulia mashine mlango wa kuingilia umeme ambao haikuumbwa kuupokea. Kwa kitu cha kupasha joto, kama waya wa pasi, volti zikiongezeka mara mbili joto haliongezeki mara mbili bali mara nne. Kutoka 120 hadi 220 ni zaidi ya mara tatu. Mashine za kuchapa za wino wa unga zina kifaa cha ndani kinachopata moto mkali ili kuyeyusha unga ushike karatasi, na ndiyo sababu nyingi kati yake hutengenezwa kwa umeme wa aina moja tu: ama za volti 120, ama za volti 220.

Katika mashine yetu uharibifu haukungoja kifaa hicho kipate moto. Fundi alitufungulia sehemu inayopokea umeme, akatuonyesha mambo matatu. Kwanza fyuzi, kioo chake kikiwa cheusi kwa ndani. Pili, kidude cha duara kama kitufe cha koti, kilichopasuka katikati: kazi yake ni kukaa kimya wakati umeme ni wa kawaida, na umeme ukizidi kuuvuta kwake hadi fyuzi ikatike, kama mlinzi anayeangukia mkuki ili mwenye nyumba apone. Tatu, kopo dogo linalohifadhi chaji, kapasita, lililovimba kichwani. Juu yake paliandikwa volti 200. Alituambia kwamba umeme wa volti 120 hupanda katika kilele cha kila wimbi hadi karibu volti 170, kwa hiyo kopo hilo lilitosha; lakini umeme wa volti 220 hufika kilele cha karibu volti 311, na hapo halikuwa na njia ya kupona. Alitukataza pia tusithubutu kufungua mashine kama hiyo wenyewe, kwa sababu kopo la namna hiyo huweza kushika chaji ya kumdhuru mtu hata baada ya plagi kuchomolewa.

"Vidude hivi vitatu ni bei ndogo," alisema. "Mashine inaweza kufufuka. Lakini mkirudi kuichomeka palepale, itakufa tena. Inahitaji transfoma ya kushusha volti 220 hadi 120, na transfoma hiyo iwe na nguvu kupita mahitaji ya mashine, kwa maana inapopata moto inavuta umeme mwingi. Na jenereta yenu ndogo haitaweza."

Kisha akauliza swali ambalo lilitufanya tuinamishe vichwa. "Huyo mtu asiyejua kazi alisema nini kabla ya kuchomeka?"

Tulitazamana. Mmoja wetu akasema ukweli: alisema tungoje, tuulize mashine inataka umeme wa namna gani.

Fundi akafuta mikono yake kwa kitambaa. "Basi siku ile," alisema, "yeye ndiye pekee aliyejua kazi."

Njia ya kupanda kurudi Bibokoboko ilikuwa ndefu kuliko siku zote. Tulikuwa tumeshuka tukitafuta dawa ya mashine, tukapewa dawa yetu sisi, nayo ilikuwa chungu. Jumapili iliyofuata tuliwakusanya tena wale wale waliohudhuria uzinduzi: wazee mbele, wanafunzi nyuma. Tulileta mashine katikati. Tulimwomba mwanafunzi mmoja asome kibandiko kwa sauti, akasoma. Tulieleza maana yake. Kisha yule aliyesema "chomeka tu" akasimama akasema kwamba neno lile lilikuwa lake, na sisi wengine tukasimama tukasema kwamba tulilisikia onyo tukalipuuza, na baadaye tukausikia uvumi tukauacha upite.

Kulikuwa kimya. Mzee mmoja akauliza, "Na kijana mmemwambia?" Tukajibu kwamba bado. Akasema, "Basi mmeungama kwetu sisi, ambao hamkutukosea sana. Shukeni."

Tulishuka watano. Nyumbani kwake tulimkuta mama yake akianika dagaa. Alipotutambua hakutuambia karibu, wala hakutufukuza. Tulisimama juani hadi kijana alipotoka. Tulimweleza yote mbele ya mama yake, bila kuongeza visingizio vya wazee waliokaa tangu asubuhi. Kijana alisikiliza akitazama chini. Alituambia kwamba tangu siku ile wateja wake wa mlimani hawakumletea tena redio, na kwamba yeye mwenyewe, usiku, alikuwa akijiuliza kama kweli kuna kosa alilolifanya kwa mikono yake. Jambo hilo lilituchoma kuliko lingine lote: tulimfanya fundi mwema ashuku mikono yake.

Mama yake ndiye aliyesema neno la mwisho. "Wanangu, mwanangu alirudi siku ile bila kula. Leo ninyi mtakula kwangu. Lakini huko juu mkaseme kwa sauti ile ile mliyomsingizia nayo." Tukamwambia kwamba tumekwisha kusema. Akasema, "Mkaseme tena." Tukala ugali na dagaa wake, na tulipopanda tulisema tena.

Tulimwandikia pia ndugu yetu wa Marekani, tukamkiri kwamba ujumbe wetu wa kwanza haukuwa kweli. Tuliogopa kwamba atakata tamaa juu yetu. Akajibu kwamba yeye ndiye aliyetaka kuomba radhi, kwa kuwa kwake mtu hununua na kuchomeka bila kusoma chochote, na haikumjia akilini kwamba umeme wa kwetu ni mwingine. Aliongeza kwamba angalituuliza kabla ya kununua, na sisi tungalimwambia kabla ya kuwasha, mashine isingaliungua. Kwa hiyo kosa lilikuwa na wazazi wengi, lakini mtoto tulimbebesha mtu mmoja.

Baada ya kuhesabu fedha, hatukununua transfoma. Tuliiuza mashine kwa fundi, naye akatuongezea muda wa kulipa, tukapata mashine ndogo ya wino wa maji ambayo kibandiko chake kiliandikwa volti 100 hadi 240, hezi 50/60. Inachapa polepole, lakini inakula umeme kidogo sana, na paneli ya jua, betri na kigeuza umeme kidogo viliitosha. Kijana wa bondeni ndiye aliyetuunganishia. Safari hii alipoinua mkono na kusema "tungoje," watu wote walingoja, hata wazee. Alisoma kibandiko, akapima kwa kipimo chake, akatuonyesha namba, ndipo akachomeka. Wanafunzi wa mwaka ule walipata maswali yao yaliyochapwa.

Kutokana na mafunzo yake tulijiwekea utaratibu, tukaubandika ukutani. Tunauandika hapa ili kila kikundi kiunakili.

Kila chombo kinachofika kisomwe kibandiko chake kabla ya kuguswa na umeme. Kikiandikwa 100–240, kinafaa kwetu. Chaja nyingi za simu na za kompyuta za kubebeka ni za namna hiyo. Kikiandikwa 120, 110 au 100 peke yake, kisichomekwe hata mtu akiwa na haraka namna gani. Baadhi ya vyombo, hasa kompyuta za zamani za mezani, vina swichi ndogo nyekundu nyuma ya kuchagua 115 au 230. Itazamwe kabla ya yote.

Adapta isiaminiwe kwa kuwa imeingia vizuri. Kuingia kwa miguu si ushahidi wa kufaa kwa umeme.

Transfoma hushusha volti lakini haibadilishi hezi. Chombo chenye mota inayofuata mwendo wa wimbi, kikitoka kwenye hezi 60 kuja kwenye hezi 50, kitazunguka polepole zaidi, na huenda kikapata moto.

Jenereta iwashwe kwanza bila mzigo, iachwe itulie, ipimwe, ndipo vyombo viunganishwe. Petroli ikikaribia kwisha, vyombo vichomolewe kabla injini haijaanza kuyumba. Na kwa walio mijini kwenye nyaya za volti 380 na 220: ukiona taa za nyumba moja zinang'aa kupita kiasi na za nyingine zinafifia, huenda waya wa kati umekatika; chomoeni kila kitu upesi, kwa maana prizi ya 220 inaweza kukaribia 380.

Na la mwisho, ambalo halihusu umeme peke yake: mwenye kusema "tungoje" apewe nafasi ya kueleza, awe mdogo, awe mgeni, awe wa bondeni au wa mlimani.

Mwezi wa Oktoba 2021 Bibokoboko ilishambuliwa na nyumba zikachomwa. Watu wengi walishuka Baraka wakiwa na walichoweza kubeba. Ofisi yetu ndogo, mashine yake, paneli na ule utaratibu wa ukutani vilibaki nyuma ya moshi. Hatuna maneno ya kueleza siku zile, na hatutajaribu. Tutasema jambo moja tu. Baadhi yetu tulipofika mjini usiku, tukiwa na watoto mikononi, hatukujua mlango gani tungeweza kuugonga bila kuogopa. Tuligonga kwa yule mama wa dagaa. Alifungua. Safari hii alisema karibu.

Mara nyingi tumejiuliza ingekuwaje kama tusingalishuka ile mara ya kwanza kuomba msamaha. Kama uvumi wetu ungaliachwa ukomae miaka mitatu juu ya nyumba ile. Hatudai kwamba mashine moja iliyoungua imeponya majeraha ya Fizi. Majeraha hayo ni makubwa kuliko sisi, na bado yapo. Lakini tunajua kwamba uvumi ule ulikuwa wetu, tuliuzima kwa kusema ukweli wa kuaibisha, na mlango mmoja ukabaki ukifunguka.

Vijana wapendwa, katika mazingira yetu lawama husafiri upesi, na kabla ya kuuliza kilichotokea tunauliza aliyekuwepo ni wa upande gani. Jifunzeni kugeuza mashine mgongo juu. Someni kilichoandikwa. Mara nyingi sababu iko pale, kwa herufi ndogo, nayo haina kabila.

Kwa mazungumzo katika vikundi vyenu:

1. Ni nani katika kikundi chetu ambaye huonya lakini hasikilizwi, na kwa nini hatumsikilizi?

2. Je, kuna mtu anayebeba lawama ambayo sisi tunajua kwamba si yake? Tutasema lini, na mbele ya nani?

3. Ndugu wa mbali wanapotutumia msaada, tunawaeleza ukweli wa mahitaji yetu kabla, na ukweli wa matokeo baadaye?